Chaneli nyeusi: uchambuzi wa kisa cha rekoda ya TiVo kwenye huduma ya kebo

Kisa hiki ni cha mwaka 2018, katika mji mmoja wa kati-magharibi mwa Marekani. Majina, mji na kampuni ya kebo nimeviondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mimi ni fundi wa mitandao. Wikiendi huwa nazunguka kwenye nyumba za watu wetu kuwatengenezea intaneti na runinga. Nimekiandika kirefu kwa sababu kosa nililolifanya siku ya kwanza nimewaona mafundi wengine wakilifanya vilevile, na linamgharimu mteja siku nzima.

Familia na walichokitaka

Mume na mke wanatoka mashariki mwa Kongo. Yeye nilimwita Kaka na mkewe Shemeji, na ndivyo nitakavyowaita hapa. Kaka alikuwa kwenye ghala, zamu ya usiku, anafika nyumbani saa moja na nusu asubuhi. Tena ni mtu wa mpira hasa. Tangu msimu wa 2013/14 Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa ikionyeshwa Marekani na NBC na chaneli zake, na kwa saa za kwao mechi za Jumamosi zilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tatu, na saa tano na nusu. Mechi ya kwanza inamkuta njiani, ya pili na ya tatu zinamkuta amelala. Asiporekodi, hana mpira. Shemeji yeye alitaka TV5Monde, ambayo walikuwa wakiilipia nyongeza kila mwezi kwa ajili ya habari za Kifaransa.

Walikuwa na dekoda mbili za kampuni, moja sebuleni na nyingine ghorofani, kila moja kwa dola 10 kwa mwezi, na juu yake dola 15 za huduma ya kurekodi. Kaka alipata mtu aliyekuwa akiuza TiVo Roamio Plus, rekoda ya runinga inayochukua nafasi ya dekoda, pamoja na TiVo Mini, kisanduku chake kidogo cha runinga ya pili, kwa dola 350, huduma yake ikiwa imeshalipiwa kwa maisha yote ya mashine. Kadi ya kampuni ya kufungulia chaneli ingegharimu dola 3 kwa mwezi. Hesabu yake ilikuwa sahihi: miezi 11 fedha zimerudi.

Alinipigia simu kabla ya kununua. Nikamwambia chukua, ni mashine nzuri, ina tyuna 6, yaani inapokea chaneli 6 kwa wakati mmoja. Ushauri huo nitaurudia mwishoni.

Kadi, adapta na alama ya kunakili

Asiyeelewa vitu hivi vitatu hatakielewa kisa.

Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 ilitaka mteja aweze kununua dekoda dukani badala ya kulazimika kuikodi kwa kampuni. Kazi ya kutekeleza ilikuwa ya tume ya mawasiliano, FCC, na chombo kilichotokana na kazi hiyo ni CableCARD, kadi nene ya chuma inayochomekwa kwenye mashine yako na kufungua chaneli zilizofungwa. Kadi za kwanza zilifungua chaneli moja kwa wakati. Zilizofuata, zinazoandikwa herufi M, zinafungua hadi 6, ndiyo maana Roamio Plus inatosheka na kadi moja.

Kadi ikishaingia haitoshi kuiamsha, lazima ioanishwe na mashine hiyohiyo. Kampuni inatakiwa kuingiza kwenye mfumo wake namba ya kadi, namba ya mashine na namba ya data, zote zikionekana kwenye ukurasa wa kadi ndani ya TiVo. Hapo ndipo inapoingia alama ya kunakili. Kila chaneli inakuja na alama inayosema kama kipindi kinaweza kunakiliwa bila kikomo, mara moja tu, au kisinakiliwe kabisa. Kadi iliyoamshwa bila kuoanishwa inafungua chaneli zisizo na kizuizi cha kunakili, na zenye kizuizi inazinyima. Vituo vya kawaida vya mji havikuwa na kizuizi hicho. Chaneli nyingine kampuni iliamua yenyewe, na kampuni hii ilikuwa imezipa karibu zote alama ya mara moja tu.

Adapta ni kitu kingine kabisa. Zamani kebo ilileta chaneli zote kwenye kila nyumba muda wote. Baadaye kampuni nyingi, ili kuokoa nafasi kwenye waya, zikaanza kutuma baadhi ya chaneli mtaani pale tu mtu anapoziomba. Dekoda ya kampuni inaweza kuomba. Mashine ya dukani kama TiVo, hata ikiwa na CableCARD, haiwezi, maana inapokea tu na haina sauti ya kurudisha. Kwa hiyo kampuni ilikuwa ikimpa mteja kisanduku kidogo, ndiyo adapta, kinachounganishwa na TiVo kwa USB na kwenye waya wa koaksi, yaani waya wenyewe wa kebo, nacho kinaomba kwa niaba yake.

Jumamosi ya kwanza

Kaka alichukua kadi na adapta mwenyewe kaunta. Kwa kanuni ambazo FCC iliziboresha mwaka 2010, mteja alikuwa na haki ya kujiwekea kadi bila kusubiri fundi wa kampuni, na tuliitumia haki hiyo. Asubuhi ile ametoka kazini, macho mekundu, akapiga simu yeye na kumsomea mhudumu namba kutoka kwenye skrini. Mhudumu akasema kadi imeamshwa, subirini nusu saa.

Nusu saa ikapita. Vituo vya mji vikaja safi kabisa, picha kali. Chaneli ya michezo ikawa nyeusi. TV5Monde ikatoa tangazo kwamba chaneli haipatikani. Karibu robo tatu ya chaneli zote hazikuonekana.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye waya. Nyumba ni ya zamani, na kule chini nilikuta splita, kigawanya waya, ya njia 2, halafu ya njia 4 yenye kutu kwenye nyuzi zake, tundu mbili zikitumika na mbili ziko wazi. Nyuma ya runinga tulikuwa tumeongeza splita nyingine ya njia 2 kwa ajili ya adapta. Mawimbi yaliingia nyumbani yakiwa +3 dBmV, kipimo cha nguvu yake. Splita ya njia 2 inakula 3.5, ya njia 4 inakula 7, waya wenyewe ulikula kama 2, na ile ya nyuma ya runinga 3.5 nyingine. TiVo ilikuwa ikipata −13. Mashine za aina hii zimetengenezwa kufanya kazi kati ya −15 na +15, kwa hiyo tulikuwa pembeni kabisa, lakini ndani. Nikaitoa ya njia 4, nikaweka ya njia 2 mpya, nikakata ncha za waya upya na kuzibana. Ikapanda hadi −9.5.

Chaneli zilezile zikabaki nyeusi. Saa nne za kazi zimeisha, Kaka amelala kwenye kochi, na mechi ya saa tano na nusu imepita bila kurekodiwa.

Kilichonipasa kunisimamisha kilikuwa mbele ya macho yangu. Ukurasa wa mawimbi ulionyesha ubora wa 35 dB, ambao ni mzuri. Na tatizo la mawimbi halileti weusi mtulivu namna ile. Linaleta picha inayokatika vipande, sauti inayoruka, chaneli inayokuja na kuondoka. Tena linafuata masafa, yaani chaneli zilizopangwa pamoja kwenye waya zinaumwa pamoja. Haliwezi kuchagua chaneli za kulipia na kuviacha vituo vya mji.

Karatasi ya Shemeji

Usiku nikafikiri upya. Jumapili nilirudi bila mfuko wa vifaa, nikamwomba Shemeji akae na rimoti na karatasi, apite chaneli zote walizozilipia, na kila moja aiandike kwenye safu moja kati ya tatu: inaonekana, nyeusi, au inatoa tangazo. Alitumia dakika 40 hivi. Alipokuwa akipita alinieleza na zile asizozijua, "hii ni ya mapishi, hii ya maduka," na maelezo yale nayo yalisaidia.

Karatasi ilipokamilika jibu lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake. Safu ya kwanza: vituo vya mji, chaneli za maduka, chaneli ya serikali ya mji. Vyote ni vitu ambavyo hakuna anayejali ukivinakili. Safu ya pili: michezo, sinema, habari za kebo, katuni, yaani chaneli ambazo kampuni ilikuwa imeziwekea alama. Safu ya tatu ilikuwa fupi, chaneli zenye watazamaji wachache, za lugha za kigeni, TV5Monde ikiwemo. Hizo ndizo kampuni huzileta kwa kuombwa.

Kwa hiyo yalikuwa matatizo mawili, si moja. Safu ya pili ilimaanisha kadi haijaoanishwa. Safu ya tatu ilimaanisha adapta haiongei na kampuni. Waya haukuwa na hatia.

Nilifungua ukurasa wa kadi kwenye TiVo. Kwenye mstari wa uthibitisho, mahali panapotakiwa herufi V, palikuwa na alama ya kuuliza. Ilikuwa pale tangu Jumamosi asubuhi.

Simu ya Jumatatu

Tuliamua kwanza kushughulika na kadi na kuiacha adapta, kwa sababu chaneli za mpira zilikuwa safu ya pili. TiVo Mini nayo niliiacha ndani ya boksi lake kwa makusudi. Sikutaka kitu cha tatu kwenye waya kabla mashine kubwa haijatulia.

Nilipiga ukurasa wa kadi picha kwa simu ili tusisome kwenye runinga huku tunaongea. Mhudumu wa kwanza akafanya kile kilichofanywa Jumamosi: akatuma amri ya kuiamsha kadi. Hakikubadilika kitu. Akatuma tena. Halafu akasema kadi inafanya kazi kwa sababu vituo vya mji vinaonekana, na akapendekeza fundi aje Alhamisi. Tukakubali Alhamisi kwa ajili ya adapta, ila tukaomba kuunganishwa na mtu anayeshughulika na kadi.

Huyo wa pili nilimwomba kitu kimoja: "Tafadhali nisomee namba ulizo nazo wewe." Kwa kawaida mteja ndiye husoma na mhudumu husikiliza, na kosa linapita hapo hapo. Aliposoma namba ya mashine, nikimfuatisha kwenye picha, tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Kaka ametoka zamu ya usiku, Kiingereza ni lugha yake ya nne, laini inakwaruza, na namba yenyewe ni ndefu. Hakuna wa kulaumiwa. Mama yule akasahihisha, akatuma amri ya kuoanisha badala ya ya kuamsha, akabaki kwenye simu pamoja nasi. Ilichukua kama dakika 10. Alama ya kuuliza ikageuka V, na safu yote ya pili ikafunguka. Kaka alienda chaneli ya michezo, akakuta wanazungumza mpira tu studio, hata mechi hakuna, akakaa akaangalia.

Adapta, na kosa lililojificha nyuma ya kosa

Alhamisi fundi wa kampuni alikuja, kijana makini. Aligundua namba ya adapta haikuwa imeunganishwa na akaunti ya Kaka. Mtu wa kaunta aliitoa bila kuiingiza. Akaiingiza, akabadilisha na kisanduku chenyewe kwa uhakika, taa iliyokuwa ikimetameta ikatulia, TV5Monde ikaja. Shemeji akamwandalia chai.

Usiku huohuo TV5Monde ikapotea tena, taa inametameta. Kwenye simu nilisikia hasira: kijana amekuja kuziba tu, ameondoka imeharibika. Nikauliza swali moja, kuna kilichobadilika baada ya yeye kuondoka? Kaka akasema hapana. Kisha akakumbuka: amefunga ile Mini ya ghorofani.

Mini inapata picha kutoka kwenye Roamio. Roamio Plus inaweza kuitumia picha hiyo kupitia waya uleule wa koaksi, kwa mfumo unaoitwa MoCA, ambao unatumia masafa yaliyo juu ya yale ya runinga ya kebo. Runinga inaishia karibu na 1000 MHz, MoCA inaanzia juu ya hapo. Kwa nadharia havigusani. Kwa vitendo, baadhi ya adapta hizi na baadhi ya modemu zinababaika zikipigwa na mawimbi ya MoCA kwa karibu, hata kama si masafa yao. Na adapta yetu ilikuwa kwenye splita moja na TiVo, umbali wa shibiri moja.

Nilimwelekeza azime MoCA kwenye mipangilio na kuizima adapta kisha kuiwasha. Taa ikatulia. Akaiwasha MoCA, baada ya dakika chache ikaanza kumetameta. Tulirudia mara mbili, kila mara matokeo yaleyale, ndipo nikaamini. Jumamosi nilikuja na filta mbili za kuzuia mawimbi ya MoCA, vitu vidogo kama kidole gumba, dola 8 kila kimoja. Moja niliifunga kwenye mlango wa adapta, nyingine pale waya unapoingilia nyumbani ili mtandao wa ndani usitoke kwenda kwa jirani. Tangu hapo taa haikumetameta tena.

Matokeo

Wiki ya tatu walirudisha dekoda zote mbili za kampuni na ankara ikapungua kama ilivyohesabiwa. Mechi tatu za Jumamosi zikawa zinajirekodi zenyewe. Walichopoteza ni maktaba ya kampuni ya filamu za kuagiza wakati wowote, kwa sababu nayo inahitaji mashine inayoweza kuomba, na adapta inaombea chaneli tu. Watoto walilisikia hilo kuliko wazazi. Nilikuwa nimemwambia Kaka mapema, ila sikuwaambia watoto.

Miezi michache baadaye Shemeji aliniita. Kwaya ya kanisa lao ilikuwa imeonyeshwa kwenye habari za kituo cha mji, TiVo ikarekodi, na alitaka kumtumia mama yake Kongo kwa WhatsApp. Niliivuta kwenye kompyuta kupitia mtandao wa nyumbani, nikaigeuza, nikaikata dakika mbili za kwaya, ikaenda. Kaka kuona vile akataka na yeye mechi ya Jumamosi iwekwe kwenye simu aitazame kazini wakati wa mapumziko. Mashine ikakataa: rekodi hii haiwezi kuhamishwa. Alama ileile iliyotusumbua Jumamosi ya kwanza. Kutazama ghorofani kwa Mini kunakubaliwa, kwa sababu pale hakuna nakala mpya inayotengenezwa.

Uchambuzi

Karatasi ya Shemeji ndiyo iliyoimaliza kazi. Dakika 40 za mtu anayezijua chaneli zake zilizidi saa nne zangu na kipimo cha mawimbi. Chaneli zikikosekana, swali la kwanza ni zipi, na zinafanana kwa nini. Tangu kisa hiki sigusi splita kabla sijaiona orodha, na ukurasa wa kadi naufungua kabla ya kushuka chini. Kazi ya waya niliyoifanya haikuwa ya bure, maana −13 ilikuwa karibu mno na ukingo na badiliko dogo lingeweza kuisukuma nje, lakini haikuwa ndiyo dawa.

Kuiacha Mini kwenye boksi lilikuwa jambo jema zaidi kuliko nilivyojua wakati ule. Kama tungeifunga siku ya kwanza, fundi wa Alhamisi angeiingiza adapta kwenye akaunti, isingetulia, na sote tungeamini kwamba kampuni haijafanya kazi yake. Nilichokosea ni kutomweleza Kaka kwa nini nimeiacha. Yeye aliona boksi, akaona runinga ya ghorofani iko tupu, akafunga.

Kuhusu wahudumu wa simu, sioni haki kuwabeza. Kati ya Julai 2007 na Desemba 2015 kampuni za kebo zenyewe zililazimika kutumia kadi hizi kwenye dekoda zao, na lilipofutwa sharti hilo na Bunge kwa sheria ya mwaka 2014, kadi ikawa jambo la wateja wachache wenye TiVo na mashine kama hizo. Mhudumu anayeiona kadi mara moja kwa mwezi anajua kuiamsha. Kuoanisha hajawahi kuambiwa. Ndiyo maana sasa namwomba mhudumu neno lenyewe, kuoanisha, na namwomba anisomee yeye.

Kosa langu kubwa lilikuwa lile la kwanza, kwenye simu, kabla hajanunua. Nilitazama tyuna 6 na MoCA iliyojengewa ndani, sikutazama miaka ya mbele. Roamio ya kawaida, iliyotoka pamoja na Plus mwaka 2013, ina tyuna 4 na haina MoCA, lakini inakubali pia antena ya kawaida. Roamio Plus ni ya kebo peke yake. Septemba 2020 FCC ilizifuta kanuni zilizozilazimisha kampuni kuhudumia kadi hizi. Mwaka 2022 familia ilihamia mji mwingine, na kampuni ya huko haikuwa ikitoa tena kadi kwa mteja mpya. Kwa Roamio ya kawaida tungefunga antena dirishani na vituo vya mji, NBC ikiwemo, vingeendelea kurekodiwa. Kwa tyuna 4 Kaka asingekosa kitu, maana mechi zake hazikuwahi kuzidi tatu kwa asubuhi moja.

Ile Plus bado iko chini ya runinga yao. Haina chaneli hata moja. Kaka hataki itolewe, kwa sababu ndani yake kuna mechi ambazo hakuzifuta, na haziwezi kuhamia mashine nyingine.